Macho yakigeuka manjano baada ya chanjo ya UVIKO-19: namna ya kulifuatilia ini ukiwa Tanga

Nimefanya kazi ya maabara mjini Tanga kwa miaka mingi, na tangu chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, siku ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, nimeulizwa swali moja kwa namna nyingi: je, chanjo ile inaweza kuliumiza ini? Inaweza, lakini ni jambo la nadra sana, na wengi wa wanaoumwa ini baada ya kuchanjwa huwa wameumizwa na kitu kingine kabisa. Jibu hilo ni la kweli, ila halimsaidii mtu aliyeamka asubuhi akajitazama kwenye kioo na kuona macho yana rangi ya bizari. Mtu huyo anahitaji kujua afanye nini leo, kesho na wiki ijayo, na kwa ajili yake ndiyo nimeandika mwongozo huu.

Anza na karatasi ya tarehe

Isipokuwa kama una dalili za hatari nitakazozitaja baadaye, jambo la kwanza ni kuchukua karatasi na kalamu. Ini halisemi nani amelipiga. Linaonyesha tu kwamba limepigwa. Kitakachomsaidia daktari kumjua mhusika ni mpangilio wa tarehe, na tarehe hizo unazo wewe na watu wa nyumbani kwako, si maabara.

Nakumbuka mzee mmoja fundi seremala wa Makorora aliyekuja kutolewa damu akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Wamenichoma sindano yao ya korona, tazama ilivyoniharibu ini." Nikamwuliza alichanjwa lini. Akasema mwezi wa nane. Nikamwuliza manjano ilianza lini, akasita, na binti yake akamkumbusha, "Baba, si ilikuwa siku zile za kuelekea Maulidi, ulipokataa pilau?" Kati ya tarehe iliyokuwa kwenye kadi yake na siku hizo za Maulidi palikuwa na karibu miezi miwili. Nikamwuliza kama kuna dawa yoyote aliyokuwa akiitumia. Akanijibu kwamba dawa hakutumia, isipokuwa mizizi ya kusafisha damu aliyokuwa akichemshiwa na kunywa vikombe vitatu kwa siku, na aliianza wiki mbili kabla ya macho kubadilika. Kwa mzee yule mizizi haikuwa dawa, ilikuwa kinywaji. Ndiyo maana ninasisitiza kila kitu kiandikwe, hata kile ambacho wewe hukiiti dawa.

Andika basi tarehe ya kuchanjwa, aina ya chanjo, dozi ilikuwa ya ngapi, na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye kadi. Usikisie aina ya chanjo. Tanzania ilianza na Janssen, ile iliyozoeleka kwa jina la Johnson, kisha zikaja Sinopharm, Pfizer na Moderna. Lakini Tanga ni mji wenye ndugu kila upande, na kuna waliovuka Horohoro wakachanjwa AstraZeneca kwa jamaa zao wa Mombasa. Chini yake andika siku ya kwanza uliyojisikia mchovu au kukosa hamu ya kula, siku mkojo ulipobadilika, na siku macho yalipobadilika. Halafu andika kila ulichomeza katika miezi mitatu iliyopita: vidonge vya hospitali, vya dukani, dawa za mitishamba, nyungu na mchanganyiko wowote wa kunywa uliotumia kujikinga na korona, pombe, dawa za kuongeza au kupunguza mwili. Kama uliumwa UVIKO-19 wenyewe katika kipindi hicho, andika pia, kwa kuwa virusi hivyo navyo hupandisha vipimo vya ini.

Tarehe hizo zinasema nini

Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliokusanya wagonjwa 87 kutoka nchi 18 ambao ini lao liliumia baada ya kuchanjwa dhidi ya UVIKO-19. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 48, na asilimia 63 walikuwa wanawake. Wa kwanza aliumwa siku 3 baada ya sindano, wa mwisho siku 65, na muda wa kati ulikuwa siku 15. Asilimia 59 walikuwa wamechanjwa Pfizer, 23 AstraZeneca na 18 Moderna. Janssen na Sinopharm, ambazo wengi wetu tulichanjwa, hazimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo usizitumie asilimia hizo kupima chanjo ipi ni kali kuliko nyingine, maana kwa sehemu kubwa zinaonyesha tu ni chanjo zipi zilikuwa zikitumika katika nchi zilizotoa wagonjwa. Mgonjwa mmoja kati ya hao 87 alilazimika kupandikizwa ini. Waliobaki walipona, na karibu nusu yao hawakupewa hata dawa za kutuliza kinga.

Ukiiweka karatasi yako mbele ya namba hizo, utaona mambo mawili mara moja. Aliyeona macho ya manjano jioni ya siku aliyochanjwa alikuwa tayari anaumwa kabla ya kufika kituoni, kwa sababu nyongo haijai damuni kwa saa chache kwa njia hiyo. Na aliyechanjwa mwaka 2021 kisha macho yakageuka mwaka huu, aitafute sababu nyingine bila kupoteza muda kwenye sindano ya zamani.

Ugumu unabaki kwa aliyeumwa kati ya wiki ya kwanza na miezi miwili. Hapa ndipo watu wengi, wakiwamo wahudumu wa afya, hukimbilia hitimisho. Homa ya ini A huchukua siku 15 hadi 50 tangu virusi viingie mwilini mpaka dalili zitokee, homa ya ini E wiki 2 hadi 10, na homa ya ini B siku 60 hadi 150. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kwenda kuchanjwa akiwa mzima kabisa machoni pa watu, kumbe virusi vya maji machafu aliyokunywa vimeshaingia, na manjano ikatokea katika wiki zilezile ambazo ingetokea kama ingesababishwa na chanjo. Wanapochanjwa mamilioni ya watu kwa kipindi kifupi, baadhi yao lazima waumwe ini mwezi huo, kama ambavyo wangeumwa mwezi mwingine wowote. Kufuatana kwa mambo mawili kunatosha kumfanya daktari apime. Hakutoshi kumfanya ahukumu.

Hata hivyo, si haki kumwambia mgonjwa kwamba chanjo haiwezi kuhusika kamwe. Nchini Uingereza, mwanamume wa miaka 47 alipata manjano siku chache baada ya dozi ya kwanza ya Moderna, akaanza kupata nafuu, kisha ugonjwa ukamrudia kwa nguvu baada ya dozi ya pili. Mtu akiguswa mara mbili na kitu kilekile na mara zote mbili akaumwa vilevile, shaka hupungua sana. Huko Freiburg, Ujerumani, uchunguzi wa ini la mgonjwa mwingine uliona kwamba chembe za kinga za aina ya T zilikuwa zimejikusanya ndani ya ini lenyewe, na baadhi yake zilikuwa zile zilizofundishwa kuitambua protini ya kirusi cha UVIKO-19 inayotengenezwa kwa maelekezo ya chanjo. Kwa wagonjwa wengine, inadhaniwa kwamba ugonjwa wa kinga kulishambulia ini ulikuwa umejificha, nayo chanjo ikauamsha.

Tazama macho kwenye mwanga wa jua

Usiyakague macho usiku kwa taa ya umeme, wala kwa tochi ya simu. Mkalishe mgonjwa barazani au karibu na dirisha mchana, mwambie atazame chini, kisha upandishe kope la juu taratibu kwa kidole gumba. Sehemu nyeupe ya jicho iliyofichwa chini ya kope ndiyo ya kuamini. Wavuvi, madereva wa bodaboda na wazee wetu wengi wana weupe wa macho uliofifia na kuwa kahawia au wenye vinundu vya rangi ya maziwa mgando karibu na mboni, kwa sababu ya jua, upepo na chumvi ya bahari. Hiyo si manjano ya ini, na chini ya kope hutaiona. Manjano ya ini hutandaa sawasawa kotekote. Angalia pia chini ya ulimi. Kwa kawaida rangi haionekani machoni mpaka bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo, ifike damuni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida, kwa hiyo macho meupe si ushahidi kwamba ini ni zima.

Mkojo huwahi kuliko macho. Ukojolee kwenye chombo cheupe au cha kioo safi, asubuhi, baada ya kunywa maji ya kutosha siku iliyotangulia. Mkojo wa mtu aliyekaa juani bila kunywa maji huwa na rangi iliyokolea, nao husafika akinywa maji. Mkojo wenye nyongo hubaki na rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana na majani, hata anywe maji kiasi gani. Choo kikififia na kuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, na mwili ukawasha bila vipele, nyongo imezuiliwa njiani, na daktari atataka kujua hilo.

Nani asisubiri hata siku moja

Mgonjwa wa manjano anayechanganyikiwa, anayelala mchana na kukesha usiku, anayesema maneno yasiyoeleweka au anayeshindwa kuamshwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo anayetoka damu kwenye fizi au puani, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, anayetapika kila anachokunywa, na ambaye tumbo linajaa maji. Mjamzito mwenye manjano ni wa dharura daima, awe amechanjwa au hajachanjwa, kwa kuwa homa ya ini E na magonjwa ya ini yanayoletwa na ujauzito wenyewe humwua haraka. Kwa anayetoka Pangani au milima ya Lushoto, safari ya kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ianze mapema, na wala pasipotezwe usiku mzima kwa kujaribu dawa.

Kuna hatari nyingine ya pekee kwa waliochanjwa Janssen au AstraZeneca. Kwa watu wachache sana, chanjo hizo zilisababisha damu kuganda huku chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikipungua, na mojawapo ya mahali ilipoganda ni mishipa ya tumboni, ukiwamo mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Hali hiyo ndiyo iliyowafanya Marekani waisimamishe Janssen tarehe 13 Aprili 2021 na kuirejesha tarehe 23 mwezi huohuo. Maumivu makali ya tumbo au ya kichwa yasiyokoma, kuvimba mguu mmoja au kupumua kwa shida kati ya siku ya 4 na ya 30 baada ya sindano hizo yanahitaji kipimo cha chembe sahani siku hiyo, na mhudumu aambiwe wazi kuhusu chanjo kabla hajachoma heparini, kwa kuwa dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda huepukwa katika hali hii. Kwa waliochanjwa zamani, muda huo umeshapita.

Acha, lakini usiache vyote

Acha pombe kabisa. Acha mitishamba yote, hata ile unayoiamini, hata muarobaini, shubiri na habasoda. Sisemi kwamba kila mmoja kati ya hiyo ni sumu, nasema kwamba hakuna atakayeweza kujua ini linapona au linaumia ikiwa kila jioni linaletewa kitu kipya. Dawa za kienyeji za "kutoa nyongo" ndizo zinazonisikitisha zaidi, kwa sababu mtu huzianza hasa siku ambayo ini limeshindwa kubeba kitu chochote.

Parasetamoli inahitaji maelezo marefu kidogo. Sindano ya chanjo huleta homa na maumivu ya mwili, na watu huambiwa wameze Panadol. Ushauri huo ni sahihi. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwembamba sana au mnywaji wa pombe abaki chini zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba dawa nyingi za mafua zinazouzwa dukani zina parasetamoli ndani yake, na mtu anameza hizo pamoja na Panadol kwa siku tatu nne akidhani ametumia dawa mbili tofauti. Ini lililoumizwa na parasetamoli hupandisha vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu hadi maelfu, nayo lawama huangukia chanjo. Ukishaona manjano, usimeze tena parasetamoli mpaka daktari aseme.

Usiache peke yako dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wala za kifua kikuu, wala za moyo na kisukari. Dawa za kifua kikuu, hasa isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinaweza kweli kuliumiza ini, na ndiyo sababu mgonjwa anayezitumia anatakiwa arudi kliniki yake siku ileile aliyoona manjano. Lakini uamuzi wa ipi isimamishwe na ipi iendelee ni wa kliniki hiyo, au ya CTC kwa anayetumia dawa za kufubaza.

Maabara: vipimo gani, na namna ya kuvisoma

Omba kipimo cha ini kamili, si ALT peke yake, kile kimeng'enya kinachovuja damuni chembe za ini zikiumia. Unahitaji ALT, vimeng'enya vingine viwili vya AST na ALP, bilirubini ya jumla na ile iliyokwisha kushughulikiwa na ini, albumini, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini, na kipimo cha muda wa damu kuganda kinachoandikwa INR. Pamoja navyo kuwe na picha kamili ya damu, kipimo cha malaria, na kipimo cha homa ya ini B na C. Kwetu hapa malaria huivunja damu na kuleta manjano, ugonjwa wa selimundu nao hivyohivyo. Katika hali hizo bilirubini inayopanda ni ile ambayo bado haijapita kwenye ini, ALT hubaki chini au hupanda kidogo, na kipimo cha mkojo hakionyeshi nyongo. Dengi nayo hupandisha AST na kushusha chembe sahani, na Tanga iliionja mwaka 2019.

Sampuli ikitunzwa vibaya, majibu hudanganya. Najua kwa sababu niliwahi kukosea mwenyewe: miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliacha kishikio chenye tyubu kando ya dirisha, nikaenda kunywa chai. Baada ya tyubu kuzungushwa kwenye mashine, maji ya damu ya mgonjwa mmoja yalikuwa na rangi ya juisi ya pasheni, manjano iliyokolea kabisa, lakini mashine ikatoa bilirubini ndogo isiyolingana na nilichokuwa nakiona kwa macho. Mwanga wa jua ulikuwa umeivunja. Ilibidi nimwombe radhi yule mama na kumtoa damu upya. Kwa hiyo sampuli ya bilirubini ifunikwe, na ipimwe mapema. Damu iliyotikiswa njiani juu ya bodaboda nayo hupasua chembe zake na kupandisha AST kwa uongo. Na AST haitoki kwenye ini pekee. Hutoka pia kwenye misuli, kwa hiyo mtu aliyebeba magunia ya mkonge wiki nzima, au aliyepanda baiskeli toka Muheza, anaweza kuwa na AST ya juu huku ini lake likiwa zima. Ndiyo maana ALT huaminiwa zaidi.

Ukipata majibu, usitazame tu alama ya "juu" iliyochapishwa kando. Gawanya namba yako kwa kiwango cha juu cha kawaida kilichoandikwa kwenye karatasi ya maabara hiyo. Tuseme ALT yako ni 800 na kiwango cha juu ni 40: umezidi mara 20. ALP yako ni 240 na kiwango ni 120: umezidi mara 2. Sasa gawanya 20 kwa 2, upate 10. Jibu likiwa 5 au zaidi, walioumia ni chembe za ini zenyewe, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa asilimia 84 ya wale wagonjwa 87. Likiwa 2 au chini, shida iko kwenye njia za nyongo, na utrasaundi ya tumbo inakuwa ya lazima ili kutafuta mawe au uvimbe, vitu ambavyo havina uhusiano na chanjo.

ALT iliyopanda chini ya mara 3 kwa mtu asiye na dalili si ya kutia hofu. Irudiwe baada ya wiki moja au mbili katika maabara ileile. ALT iliyozidi mara 3 pamoja na bilirubini iliyozidi mara 2 ni jambo zito. Kanuni hiyo ilitokana na kazi ya Hyman Zimmerman, daktari wa Marekani, ambaye aliona kwamba katika majeraha ya ini yanayotokana na dawa, karibu mgonjwa 1 kati ya 10 wenye hali hiyo anaweza kufa. INR ikifika 1.5 au zaidi, ini limeanza kushindwa kutengeneza vitu vya kugandisha damu, na mgonjwa anatakiwa kulazwa hata kama anatembea na kucheka. Katika majibu yote ninayoyatoa, INR ndiyo ninayoitazama kwanza. ALT ya 2,000 yenye INR ya kawaida hunitisha kidogo kuliko ALT ya 300 yenye INR ya 2.

Prednisoloni si ya kununua dukani

Virusi vikishakosekana, mitishamba na dawa zikachujwa, pombe ikaondolewa na utrasaundi ikawa safi, daktari atapima kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe na wingi wa imunoglobulini G, ambayo ni aina ya kingamwili. Baadhi ya vipimo hivyo huenda visipatikane karibu, na sampuli au mgonjwa akalazimika kufika Muhimbili. Wakati mwingine kipande kidogo cha ini huchukuliwa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini. Ikibainika kwamba kinga ndiyo inayolishambulia ini, na hali ni nzito, prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, hutumika, baadaye ikipunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na pengine azathioprini, nyingine ya kutuliza kinga, huongezwa.

Nimeona watu wakisoma habari hizo kwenye simu na kwenda kuchukua prednisoloni kwenye duka la dawa muhimu. Usifanye hivyo. Homa ya ini B ipo kwa wingi nchini, wengi walio nayo hawajui, na prednisoloni hulegeza kinga iliyokuwa ikivizuia virusi hivyo; virusi huamka, na ini lililokuwa limeumia kidogo huangamia. Kipimo cha homa ya ini B kitangulie, bila mjadala. Tena, dawa hiyo haikatizwi ghafla baada ya kuitumia kwa wiki kadhaa, na aliyeianza bila daktari kwa kawaida ndiye anayeikatiza ghafla.

Kwa wagonjwa wengi wenye jeraha la wastani, kinachofanyika ni kupumzika, kula chakula cha kawaida, na kurudia vipimo kila wiki mpaka vishuke, kisha kila mwezi mpaka viwe vya kawaida. Wazazi wetu hupenda kumkataza mgonjwa wa manjano mafuta, nyama, mayai na kila kitu cha rangi ya manjano. Kama mafuta yanamtia kichefuchefu, ayapunguze. Lakini kumlisha uji mtupu kwa mwezi mzima kunamdhoofisha tu.

Kutoa taarifa, na dozi inayofuata

Mwambie mhudumu wa afya kwamba unataka tukio lako liandikwe kama maudhi yaliyotokea baada ya chanjo. Taarifa hupitia kwa mratibu wa chanjo wa halmashauri na kufika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo pia hupokea taarifa moja kwa moja kutoka kwa wananchi. Huhitaji kuthibitisha kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha. Kushuku kunatosha, na kazi ya kupima uzito wa ushahidi ni yao. Karatasi yako ya tarehe inakuwa na thamani hapa kuliko mahali pengine popote, hasa ile namba ya toleo.

Kuhusu dozi nyingine, aliyethibitishwa kwamba kinga ililishambulia ini lake baada ya chanjo fulani asichanjwe tena aina ileile kabla daktari wa ini hajatoa idhini, na vipimo vikiwa vimerudi kawaida. Ambaye manjano yake ilitokana na homa ya ini A, parasetamoli au mizizi, hana sababu ya kuikwepa chanjo. Na anayeishi na homa ya ini B au ini lililokakamaa, miongozo ya madaktari wa ini wa Ulaya na Marekani ilipendekeza achanjwe, kwa kuwa UVIKO-19 humwumiza mtu mwenye ini bovu zaidi ya inavyomwumiza mwenye ini zima. Utafiti uliofanyika Hong Kong kwa waliochanjwa Pfizer na CoronaVac nao uliona kwamba hatari ya ini kuumia ghafla ilikuwa kubwa kwa walioambukizwa UVIKO-19 kuliko kwa waliochanjwa.

Vipimo vikirudi kawaida, pima tena baada ya miezi mitatu na baada ya miezi sita, kwa sababu ugonjwa wa kinga kulishambulia ini unaweza kurudi kimyakimya dawa zinapoachwa. Majibu yote yabaki pamoja na kadi ya chanjo, kwenye mfuko mmoja wa plastiki, mbali na unyevu wa pwani. Na siku utakapomwona daktari mpya, mpe mfuko huo kabla hajakuuliza chochote.